Dawa Isiyopimwa ni Mbuzi Kwenye Gunia

(Hotuba ya katibu wa vijana wa chama mbele ya mkutano wa tawi, kabla ya wanachama kupiga kura juu ya fedha za dawa za zahanati.)



Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Tangu masika tumekuwa tukichanga fedha ili kabati la dawa la zahanati yetu lisikae tupu. Wako waliouza kuku, na wako waliotoa fedha ya ada. Hesabu imesomwa na mweka hazina, na hakuna senti iliyopotea. Sasa amekuja bwana mmoja, mwenzetu mwenye kadi ya chama kama mimi na wewe, naye anasema atatuletea dawa zote tulizoziandika kwa nusu ya bei. Stakabadhi za alikozinunua hana. Anasema tu kwamba zimetoka ng'ambo na ni nzuri. Wengi wenu mmefurahi, na mimi siwalaumu, maana fedha zetu ni chache na wagonjwa wetu ni wengi. Lakini nimesimama hapa kuwaombeni tukatae, na ni haki yenu kuuliza kwa nini.

Nilisomea ualimu, sikusomea ufamasia. Lakini chuoni tulifundishwa jambo moja ambalo linatosha kwa shauri hili: mwanafunzi hajisahihishii mtihani wake. Akijisahihishia, wote watapata mia juu ya mia, na hakuna atakayejua kusoma. Basi dawa nayo ni mtahiniwa. Aliyeitengeneza anasema ni nzuri, anayeiuza anasema ni nzuri, na hata karatasi iliyobandikwa kwenye chupa inasema hivyo hivyo. Swali letu liwe moja: nani mwingine ameisahihisha?

Tuanze na maana ya dawa nzuri. Wakaguzi wa dawa huuliza maswali kama matano. Je, kilichomo ndicho kilichoandikwa? Je, kiasi chake ni kile kilichoandikwa? Je, ni safi, haikuchanganyika na sumu au uchafu? Je, kidonge kitayeyuka tumboni, au kitapita kama jiwe? Na mwisho, je, itabaki hivyo mpaka siku ya mwisho wa matumizi, katika joto la mahali inapokaa? Dawa ikishindwa hata swali moja, imeanguka. Iliyotengenezwa kwa hila ili kumdanganya mnunuzi tunaiita dawa bandia. Iliyotengenezwa na kiwanda cha halali lakini haikufikia kipimo, au imeharibika ghalani, tunaiita dawa duni. Kwa mgonjwa anayekufa, ndugu zangu, tofauti ya majina haya mawili ni ndogo sana.

Mataifa makubwa yaliona tangu zamani kwamba hapana budi maswali haya yaandikwe kitabuni. Marekani ilitoa kitabu chake cha vipimo vya dawa mwaka 1820. Uingereza ilitoa chake mwaka 1864. Shirika la Afya Duniani likaanza kutoa kitabu cha mataifa yote mwaka 1951, ili hata nchi isiyo na kitabu chake iwe na mahali pa kushika. Vitabu hivi havifanani kila mstari. Chukueni kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, ambacho kila mama hapa anakijua. Kitabu cha Uingereza kinataka vidonge viwe na asilimia 95 hadi 105 ya kiasi kilichoandikwa, yaani miligramu 475 hadi 525. Cha Marekani kinakubali asilimia 90 hadi 110, yaani 450 hadi 550. Kwa hiyo vidonge vyenye miligramu 460 vitafaulu Marekani na vitaanguka Uingereza.

Je, tofauti hiyo itamwua mtu? Haitamwua. Mwenye homa hataiona. Nimeieleza ili mjue kwamba hatari haimo katika kitabu kimoja kuwa kikali kidogo kuliko kingine. Hatari imo pale ambapo hakuna kitabu chochote kilichofunguliwa, na dawa ikapita kutoka kiwandani mpaka mdomoni mwa mtoto bila mtu kuisahihisha.

Wako watu wanaodhani kwamba wenzetu wa nchi tajiri walizaliwa na dawa safi. Sivyo. Waliinunua kwa maiti. Mwaka 1937 kampuni moja ya huko Tennessee, Marekani, iitwayo Massengill, ilikuwa na dawa ya kweli iliyoitwa Sulfanilamide, dawa iliyoponya watu wengi. Wanunuzi wakataka dawa ya maji. Kampuni ikaiyeyusha katika kitu kiitwacho daiethilini glaikoli, ikatia ladha ya matunda, ikauza. Haikuijaribu kuona kama ina sumu, na sheria ya siku zile haikuilazimisha. Kitu hicho ni sumu inayoua figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Tena sikilizeni ajabu hii: serikali ya Marekani ilipotaka kuikamata dawa ile, kosa ililopata kisheria ni la jina tu, kwa kuwa dawa iliyoandikwa Elixir ilipaswa kuwa na kileo ndani yake, na hiyo haikuwa nacho. Kuua watu hakukuwa kosa katika sheria ile. Kuandika jina vibaya ndiko kulikokuwa kosa. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1938, iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba dawa mpya ni salama kabla ya kuiuza.

Na sheria peke yake haitoshi. Yatakiwa mtu mwenye uti wa mgongo wa kuishika. Mwaka 1960 idara ya dawa ya Marekani ilimpa mama mmoja, Dk. Frances Kelsey, faili la dawa iitwayo thalidomide. Tangu mwaka 1957 ilikuwa ikiuzwa Ujerumani Magharibi, na wajawazito waliitumia. Kampuni ilimsukuma aipitishe. Yeye akasema ushahidi hautoshi, leteni zaidi. Wakarudi, akawarudisha. Mwishoni mwa mwaka 1961 dunia ikajua kwamba dawa ile ilikuwa imezalisha maelfu ya watoto wasio na mikono au miguu kamili. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu mkaguzi mmoja alikataa kutia sahihi. Akina mama, mkisikia mtu anasema kazi ya makaratasi ni uvivu wa ofisini, mkumbusheni mama huyu.

Sasa tuje Afrika, na tuje karibu na siku zetu. Mwaka 2022, Gambia, watoto wadogo walianza kufika hospitali hawakojoi. Walikuwa wamepewa dawa za maji za homa na kikohozi. Watoto wapatao 70 walikufa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dawa nne zilizotoka katika kiwanda kimoja cha India zilikutwa na daiethilini glaikoli na ndugu yake, ethilini glaikoli. Ni sumu ile ile ya mwaka 1937! Miaka 85 ilikuwa imepita, na somo lilikuwa limeandikwa katika vitabu vyote: dawa ya aina hiyo haitakiwi kuwa na sumu hiyo zaidi ya asilimia 0.10. Kiwanda kilikana, na serikali ya India ikasema sampuli ilizopima yenyewe hazikuwa na kosa. Lakini serikali hiyo hiyo ilieleza kwamba kiwanda kilipewa ruhusa ya kutengeneza dawa hizo kwa ajili ya kuuzwa nje tu. Nje ni wapi? Nje ni kwetu. Na Gambia wakati ule haikuwa na maabara yake ya kupima dawa. Mtahiniwa alijisahihishia mtihani, na watoto wa Gambia wakalipa ada.

Msiba ule haukuwa wa Gambia peke yake. Mwaka ule ule Indonesia ilizika watoto zaidi ya 200 kwa dawa za maji zenye sumu ya namna hiyo, na huko Indonesia dawa zilitengenezwa nchini mwao wenyewe. Uzbekistan nayo ililia. Kabla ya hapo, Haiti mwaka 1996, Panama mwaka 2006, Nigeria mwaka 2008. Kisa kimejirudia kwa namna moja: dawa ya maji inahitaji gliserini au propilini glaikoli, vitu vilivyo safi na vyenye bei, mtu fulani njiani anaweka sumu ya bei rahisi inayofanana navyo kwa macho na kwa utamu, na anayepokea pipa hapimi, anasoma karatasi. Kipimo cha kuigundua kipo na si siri. Kilichokosekana ni mtu wa kukifanya.

Naomba hapa tusiteleze. Najua mtu ataondoka akisema, "Dawa za India ni mbovu, za Ulaya ndizo dawa." Huo ni mzigo wa fikra tulioachiwa na mkoloni, kwamba kitu ni kizuri kwa sababu kimetoka kwa bwana. Dawa nyingi za kupunguza makali ya UKIMWI zilizookoa ndugu zetu zilitengenezwa India, katika viwanda vilivyokaguliwa chini ya mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliuanza mwaka 2001. Nchi ile ile, lakini huku kuna msahihishaji, kule hakuna. Usimwulize muuzaji dawa imetoka taifa gani. Mwulize nani ameipima na karatasi iko wapi.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Maabara ya London haitamlinda mtoto wa hapa. Ndiyo maana nasema kwamba maabara ya dawa ni sehemu ya uhuru kama ilivyo bendera. Nchi isiyoweza kupima inachokunywa inaishi kwa neno la mwenye kuuza.

Na katika hili sisi si maskini kama tunavyodhani. Sheria yetu ya mwaka 2003 iliunda mamlaka ya kusimamia chakula na dawa, na tangu mwaka 2019 mamlaka hiyo inaitwa TMDA, inasimamia dawa na vifaa tiba. Maabara yake ya Dar es Salaam ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwezi Desemba 2018 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu katika ngazi nne ambazo shirika hilo linatumia kupima usimamizi wa dawa. Nchi za Afrika Mashariki zilianza mwaka 2012 kulinganisha kanuni zao, ili faili la dawa lichunguzwe kwa pamoja. Umoja wa Afrika nao umeunda Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kufanya kazi Novemba 2021 na makao yake yako Kigali. Aprili 2024 maabara ya Nigeria ilisema imekuta sumu ile ile katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, lililotengenezwa Afrika Kusini na kampuni kubwa inayojulikana duniani. Nchi kadhaa, Kenya na yetu zikiwamo, zikaiondoa madukani. Kampuni baadaye ilisema vipimo vyake havikuikuta. Wabishane wao, lakini safari hii Mwafrika alisahihisha mtihani kwa kalamu yake mwenyewe, na wakubwa wakalazimika kujibu.

Sasa, ndugu zangu, yote hayo yanatuhusu nini sisi wenye kabati moja na fedha za kuku? Yanatuhusu hivi. Mamlaka inasimamia dawa zilizopita mlangoni. Dawa iliyoingia kwa dirisha haijui. Bwana wetu huyu anatuletea dawa za dirishani. Pengine ni nzuri zote. Pengine mtu alimdanganya na yeye. Simwiti mwizi. Nasema tu kwamba kadi ya chama si cheti cha ubora wa dawa, na tukianza kuamini vidonge kwa sababu tunamwamini mjomba, tutazika watoto kwa heshima ya mjomba.

Nitasema na langu. Mdogo wangu wa kike aliwahi kuugua malaria, nami kwa kubana fedha nilimnunulia vidonge kwa mtu aliyekuwa akitembeza kwenye kituo cha mabasi. Alimaliza vyote. Siku ya nne alizidi, tukambeba hospitali usiku. Alipona, namshukuru Mungu. Je, vile vidonge vilikuwa bandia? Siwezi kusema. Karatasi yake niliitupa, risiti sikupewa, na yule mtu sikumwona tena. Hiyo ndiyo hasara ya dawa ya dirishani: hata ikikudhuru, huna wa kumshitaki wala cha kupeleka maabara. Na hata isipoua, ikiwa na dawa nusu tu, inawaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaane, mpaka dawa nzuri nayo ishindwe. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Hesabuni watu kumi waliokaa kwenye benchi lile.

Lipo na jambo ambalo hatuwezi kumlaumu mgeni. Ni joto. Dawa inayokusudiwa Ulaya hujaribiwa kwa muda mrefu katika nyuzi 25 za joto na unyevu wa asilimia 60. Kwa nchi zetu za joto hutakiwa nyuzi 30, na unyevu wa asilimia 65 au hata 75. Kwa hiyo dawa inaweza kuwa halali kabisa huko ilikotoka, na isihimili huku. Na hata iliyojaribiwa kwa nyuzi 30, je, stoo yetu ina nyuzi ngapi saa nane mchana, chini ya bati lisilo na dari? Fungueni mkebe wa asprini uliokaa pale. Ukinusa harufu ya siki, ujue unyevu umekwisha kuivunja. Sindano ya oksitosini, inayozuia damu kwa mama aliyejifungua, yatakiwa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa dirishani inapungua nguvu, na jicho haliwezi kuona. Mkunga atachoma sindano, damu haitakoma, na tutasema ni kudra. Si kudra. Ni bati.

Wako watakaosema, "Katibu, wewe unazungumza vitabu, na watu wanaumwa leo." Hoja hiyo ni ya haki, na sitaikwepa. Kabati tupu nalo linaua. Kwa hiyo sikuja na neno la kukataa tu. Naleta mapendekezo manne, na naomba yapigiwe kura moja moja.

La kwanza, tusinunue dawa hizi, hata kwa robo ya bei.

La pili, fedha zetu zipitie kwa mganga mfawidhi na kamati ya zahanati, waagize Bohari ya Dawa. Na kile kitakachokosekana huko kinunuliwe kwa utaratibu wa serikali, kwa muuzaji aliyesajiliwa, kwa risiti. Najua fedha zitanunua pungufu ya tulivyotumaini. Basi tuchague dawa chache zinazookoa roho kwanza: za malaria, za watoto wanaoharisha, za kujifungua.

La tatu, tutenge sehemu ya fedha kutia dari katika stoo, kununua kipimajoto, na daftari. Katika daftari iandikwe dawa imetoka wapi, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vijana wa chama tutatoa nguvu zetu bure kwa kazi ya dari, na mimi nitakuwa wa kwanza kupanda ngazi.

La nne, mtu akitilia shaka dawa yoyote, asiitupe kama nilivyotupa mimi. Ailete na karatasi yake na kifuniko chake kwa mganga, ipelekwe kwa mkaguzi.

Na huyu bwana wetu, kama dawa zake ni nzuri, njia iko wazi. Aende akasajili duka. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili ya watu wa vijijini kama sisi. Apate mafunzo, akaguliwe, apewe kibali. Siku hiyo nitakuwa mteja wake wa kwanza, na nitamlipa bei kamili bila kunung'unika.

Ndugu zangu, waasisi wetu walitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Leo wote watatu wamekuja pamoja katika mfuko mmoja. Umaskini unatuambia tununue nusu bei. Ujinga unatuambia tusiulize. Na maradhi yanakaa kando, yanangoja kura yetu.

Katika ukoo hakuna anayekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Utamfungua, utamtazama meno, utamshika mgongo. Basi tusiwape watoto wetu kitu ambacho hatujakifungua gunia.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba kura ipigwe kwa kunyoosha mikono, tuonane. Uhuru na Kazi!

(Wanachama waliyakubali mapendekezo yote manne. Pendekezo la kwanza lilipingwa na watu kumi na mmoja. Kazi ya dari itaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Kila kijana aje na nyundo.)